Ganda la Risasi: Usiokote, Usiuze



Tuseme leo ni Jumamosi. Mafunzo ya mgambo katika wilaya yako yamefika mwisho. Kwa wiki nyingi vijana wa kijiji chako wamekimbia mchakamchaka, wamepiga kwata, na wamefundishwa kuifungua bunduki na kuifunga. Leo asubuhi wamelenga shabaha. Wewe ulikuwa shambani unapalilia mahindi. Ulisikia milio kwa mbali tangu jua lilipotoka hadi adhuhuri. Sasa kumetulia. Bendera nyekundu imeshushwa. Lori limeondoka.

Jioni mtoto wako anarudi kutoka machungani. Mfuko wa kaptula yake unalia kama njuga. Anaingiza mkono, anakuonyesha vitu saba vyembamba, vyenye rangi ya dhahabu.

"Baba," anasema, "nimesikia mjini kuna mtu ananunua shaba kwa kilo. Nikipata nyingi nitanunua madaftari."

Mtoto huyu si mwizi. Ni mtoto mwenye bidii. Anataka kusoma, na anajua kwamba nyumbani fedha ni kidogo. Je, utamjibu nini?

Makala haya yatakusaidia kupata jibu. Yasome polepole. Ukimaliza, msomee na jirani.

NENO MOJA, MAANA MBILI

Sisi watu wa Mpanda tunalijua neno "risasi" kwa maana mbili. Maana ya kwanza ni kile kinachotoka kwenye bunduki. Maana ya pili ni madini mazito, laini, ya rangi ya kijivu. Mvuvi wa Karema au wa Ikola anayajua madini hayo, maana ndiyo yanayozamisha nyavu zake ndani ya Ziwa Tanganyika.

Mji wa Mpanda wenyewe ulikua kwa sababu ya madini ya risasi. Reli ya kutoka Kaliua, yenye urefu wa kilomita 210 hivi, ilifika Mpanda mwaka 1950. Wakoloni Waingereza hawakuijenga ili kubeba mahindi yetu. Waliijenga ili kubeba madini ya risasi kutoka mgodini. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, lakini reli ikabaki, na mji ukabaki. Mwezi Machi mwaka 2012 Mpanda ikawa makao makuu ya mkoa mpya wa Katavi.

Kwa nini maana hizi mbili zina neno moja? Ni kwa sababu tangu zamani kichwa cha risasi ya bunduki kilitengenezwa kwa madini ya risasi. Hata leo vichwa vingi vina madini hayo ndani yake. Kumbuka jambo hili. Tutalirudia mbele, maana madini hayo ni sumu.

GANDA NI NINI?

Risasi nzima ina sehemu nne.

Sehemu ya kwanza ni kichwa. Hiki ndicho kinachoruka na kupiga.

Sehemu ya pili ni baruti. Hii huungua upesi sana na kutoa hewa nyingi yenye nguvu. Hewa hiyo ndiyo inayosukuma kichwa.

Sehemu ya tatu ni fataki. Hii ni duara ndogo iliyo katikati ya kitako. Ndani yake mna dawa kidogo sana, lakini ni kali. Ikigongwa, inatoa cheche, na cheche huwasha baruti.

Sehemu ya nne ni ganda. Hili ndilo linaloshika vitu vingine vyote pamoja.

Askari anapovuta kifyatulio, pini ndani ya bunduki hugonga fataki. Fataki huwasha baruti. Kichwa hutoka kwa kasi kupitia mtutu. Ganda halitoki kwenye mtutu. Hurushwa kando na kuanguka chini karibu na askari. Likianguka huwa bado ni la moto.

Maganda mengi hutengenezwa kwa shaba ya manjano. Katika kila sehemu 10 za shaba hiyo, sehemu 7 ni shaba nyekundu na sehemu 3 ni zinki. Zinki unaijua. Ndiyo inayopakwa juu ya mabati ya nyumba ili yasishike kutu.

Lakini si kila ganda ni la shaba. Maganda mengi ya risasi za SMG ni ya chuma cha kawaida. Juu yake yamepakwa rangi au shaba nyembamba sana ili yasishike kutu. Kwa macho yanaweza kung'aa kama shaba, lakini sumaku huyavuta. Shaba haivutwi na sumaku. Mnunuzi wa mjini anazo sumaku na mizani. Anajua mara moja.

KWA NINI MAGANDA HUHESABIWA?

Mgambo wa Tanzania wana historia yao. Mwaka 1971 Mwongozo wa TANU ulisema kwamba wananchi lazima wafunzwe kuilinda nchi yao. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera, mgambo wengi walikwenda vitani pamoja na wanajeshi wetu. Silaha walizoshika zilikuwa za umma. Risasi zilikuwa za umma pia.

Mali ya umma huhesabiwa. Risasi zinapotoka ghalani huandikwa. Baada ya kupiga, maganda hukusanywa na kuhesabiwa tena. Risasi zilizopigwa na zilizobaki lazima zilingane na zile zilizotoka.

Hebu tufanye hesabu ya mfano. Tuseme vijana 120 wamekwenda kulenga shabaha. Kila kijana amepewa risasi 10.

120 × 10 = 1,200.

Zote zimepigwa. Maganda yakihesabiwa yanapatikana 1,187.

1,200 − 1,187 = 13.

Maganda 13 hayapo. Je, yamezama kwenye majani? Je, kuna mtu ameyaficha kama kumbukumbu? Au kuna mtu hakuzipiga risasi 13, akazitia mfukoni zikiwa nzima? Mkufunzi hawezi kujua mpaka ayaone maganda yenyewe. Kwa hiyo vijana hupangwa mstari mmoja, wakatembea wameinama, wakipekua majani kwa mikono. Hawaruhusiwi kwenda kula. Wanaweza kutafuta mpaka jua lizame.

Sasa fikiri. Mtoto wako mwenye maganda saba mfukoni alikuwa amejificha kichakani karibu na uwanja. Yeye anaona ameokota takataka. Lakini hesabu ya watu wengine imeharibika. Kijana wa jirani yako anaweza kushukiwa kwa kosa ambalo hakulifanya.

HATARI YA KWANZA: SI YOTE NI MATUPU

Katika uwanja wa shabaha, risasi nyingine hugoma. Pini inagonga, lakini hailipuki. Askari huitoa na kuiweka kando. Mara moja moja risasi nzima huanguka na kupotea kwenye majani. Ipo hapo, imelala pamoja na maganda matupu. Rangi yake ni ileile.

Mtu mzima aliyefunzwa anaweza kutofautisha. Ganda tupu lina mdomo wazi na halina kichwa. Lakini mtoto wa miaka minane anayeokota upesi upesi, akiogopa kuonekana, hatazami. Anatia mfukoni. Nyumbani anaigonga kwa jiwe, au anaitupa jikoni ili aone itakuwaje. Risasi ikiwa motoni hulipuka. Ganda hupasuka vipande vipande, na vipande hivyo huingia machoni.

Zipo silaha nyingine zilizo mbaya kuliko risasi. Tukumbuke yaliyotokea wilayani Ngara, mkoani Kagera, mwezi Novemba mwaka 2017. Mwanafunzi wa Shule ya Msingi Kihinga aliokota kitu akidhani ni chuma chakavu cha kuuza. Alikwenda nacho shuleni. Kilikuwa bomu la mkono. Lililipuka. Watoto wasiopungua watano walikufa, na wengine wengi walijeruhiwa. Ngara ni mpakani, kama sisi tulivyo karibu na mpaka wa ziwa. Vita vya nchi jirani vikiisha, silaha zake hubaki ardhini zikingoja mkono wa mtoto.

Jirani zetu wa Kenya nao wana kisa chao. Kwa miaka mingi jeshi la Uingereza lilifanya mazoezi katika maeneo ya Archers Post na Dol Dol, kwenye malisho ya Wasamburu na Wamasai. Mabomu ambayo hayakulipuka yalibaki porini. Wachungaji waliyakanyaga au kuyaokota, na wengi wao walikuwa watoto. Wengine walikufa, wengine walipoteza mikono au miguu. Mwaka 2002 Serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa watu zaidi ya 200 jumla ya pauni milioni 4 na nusu. Fedha hizo hazikurudisha mkono hata mmoja.

HATARI YA PILI: MOSHI MWEUPE

Mhunzi anaweza kusema: "Niletee mimi. Nitayeyusha nitengeneze bangili."

Mkoa wetu na Ufipa ni nchi ya wahunzi tangu enzi za mababu. Kazi yao tunaiheshimu. Lakini shaba ya manjano ina zinki ndani yake. Shaba hiyo inapoyeyuka, zinki huanza kutoka kama moshi mweupe. Mhunzi anayeuvuta moshi huo katika kibanda kisicho na upepo hupata homa usiku. Anatetemeka, kifua kinabana, kinywa kina ladha ya chuma. Anadhani ni malaria. Kumbe ni moshi.

Na ikiwa ndani ya chungu cha kuyeyushia kuna ganda moja lenye fataki nzima, italipuka na kumwaga shaba ya moto juu ya mikono na uso wake.

HATARI YA TATU: SUMU ISIYOONEKANA

Sasa turudi kwenye madini ya risasi.

Dawa iliyo ndani ya fataki nyingi ina madini hayo. Bunduki inapopigwa, vumbi lake jembamba hubaki ndani ya ganda na juu ya udongo wa uwanja. Huwezi kuliona. Halina harufu.

Watoto hupenda kupuliza ganda kama filimbi. Wapo wazee wanaoweka ugoro ndani yake. Wote hawa huipeleka sumu kinywani kwa mikono yao wenyewe.

Kuna na jambo baya zaidi. Nyuma ya shabaha kuna tuta la udongo. Vichwa vya risasi huingia humo. Mtu anaweza kutamani kuvichimbua na kuyeyusha madini ya risasi, ama kwa ajili ya nyavu, ama kwa ajili ya gobore. Madini haya huyeyuka upesi, hata juu ya jiko la mkaa nyumbani. Ndiyo maana yanadanganya. Mama anapika ugali juu ya jiko lilelile. Vumbi linabaki sakafuni. Mtoto anayetambaa analamba vidole.

Sumu hii huingia polepole. Mtoto hulegea, tumbo humuuma, hupungukiwa damu. Akili yake huchelewa. Shuleni hashiki anachofundishwa. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hakuna kiasi cha madini ya risasi, hata kidogo, kinachojulikana kuwa salama mwilini mwa mtoto.

Huko Senegal, karibu na mji wa Dakar, kuna mtaa unaoitwa Thiaroye-sur-Mer. Watu wa huko walikuwa wakivunja betri za magari na kuchekecha mchanga ili wapate vipande vya risasi vya kuuza. Kina mama walifanya kazi hiyo huku watoto wakiwa mgongoni. Kati ya mwezi Novemba 2007 na Machi 2008, watoto 18 walikufa. Mwanzoni watu hawakujua sababu. Mama zao walikuwa wakitafuta fedha ya chakula, kama mtoto wako anavyotafuta fedha ya madaftari.

JE, FAIDA NI KIASI GANI?

Hebu tupime. Ganda moja la bunduki ya kijeshi ya kawaida lina uzito wa gramu 7 hadi 12 hivi. Tuchukue gramu 10. Kilo moja ina gramu 1,000.

1,000 ÷ 10 = 100.

Kwa hiyo mtoto anahitaji maganda kama 100 ili apate kilo moja tu. Na ikiwa ni ya chuma, mnunuzi atayapima kwa bei ya chuma, au atayatupa. Mtoto ana maganda saba. Amehatarisha macho yake, mikono yake na jina la baba yake kwa gramu 70.

Tena mnunuzi mwenye akili hawezi kuyapokea. Biashara ya vyuma chakavu inahitaji kibali, na mwenye kibali hataki kuulizwa na polisi maganda ya risasi yameingiaje kwenye gunia lake.

GANDA NI SHAHIDI

Pini inapogonga fataki huacha alama. Bunduki inapotoa ganda huacha mikwaruzo. Alama za bunduki moja hazifanani na za bunduki nyingine, kama alama za vidole vya watu zisivyofanana. Wataalamu wa polisi huziangalia kwa darubini. Wanaweza kusema kama ganda hili limetoka kwenye bunduki ile.

Jambo hili ni kubwa kwetu sisi wa Katavi. Hifadhi ya Taifa ya Katavi ilianzishwa mwaka 1974. Leo ina eneo la kilomita za mraba 4,471. Watu huijua kwa viboko wa mto Katuma, kwa mamba, nyati na tembo. Majangili wameua tembo wengi katika nchi yetu. Tembo akiuawa, askari wa wanyamapori hutafuta maganda karibu na mzoga. Ganda moja linaweza kumfikisha jangili mahakamani.

Sasa mwananchi anapita porini kutafuta uyoga au mizinga yake ya asali. Anaona ganda. Akiliokota, mambo mawili hutokea. La kwanza, ushahidi umepotea, na jangili amepona. La pili, ganda lipo mfukoni mwake. Akikutana na askari njiani atasema nini? Atasema, "Nimeliokota tu." Ni kweli, lakini itabidi aeleze kwa muda mrefu.

Na kama ni risasi nzima, hilo ni kosa kabisa. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inakataza mtu kuwa na risasi bila kibali. Haijali kama umenunua au umeokota.

UFANYE NINI?

Ukiona ganda, risasi au kitu cha chuma usichokijua, fanya hivi:

1. Simama. Usikiguse, usikipige teke, usikitupie jiwe.

2. Waondoe watoto na mifugo mahali hapo.

3. Weka alama mbali kidogo ili upajue, kama kufunga kitambaa kwenye mti. Usiweke alama juu ya kitu chenyewe.

4. Rudi kwa njia ileile uliyojia.

5. Mwambie mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji wa kijiji au askari polisi wa kata. Ukiwa na simu, piga 112. Ukiwa karibu na hifadhi, waambie askari wa wanyamapori.

Na ikiwa mtoto tayari amekuja nayo nyumbani? Usimpige kwanza. Ukimpiga, kesho ataficha. Mwambie ayaweke chini polepole, nje ya nyumba, mbali na jiko na mbali na wenzake. Anawe mikono kwa sabuni. Kaptula ifuliwe peke yake. Siku hiyohiyo mpelekee habari mtendaji au polisi, waje kuyachukua. Usiyabebe kwenye basi. Lakini kikiwa kitu kikubwa, cha mviringo au chenye pini, usimwambie akiweke popote pengine. Kikiwa chini, kikae palepale. Watoke watu wote nyumbani, mwite polisi.

Viongozi wa kijiji nao wana kazi. Kabla ya siku ya kulenga shabaha, tangazo litolewe mkutanoni, shuleni, kanisani na msikitini. Watu waambiwe siku, saa na mahali. Waambiwe maana ya bendera nyekundu: ikiwa juu, watu wanapiga, usisogee. Ng'ombe wapelekwe malisho ya upande mwingine. Na baada ya zoezi, wiki nzima, watoto wasichunge kwenye uwanja ule.

JIBU LA BABA

Tumeanza na mtoto aliyesimama mbele ya baba yake, mkono wazi. Sasa baba anaweza kujibu.

"Mwanangu, umefanya vizuri kunionyesha. Hizi si zetu. Zimehesabiwa. Ziweke pale chini, taratibu. Nenda ukanawe. Kesho tutachuma karanga pamoja, na gunia la kwanza litakuwa la madaftari yako."

Kisha baba anavaa viatu, anakwenda kwa mtendaji kabla giza halijaingia.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Risasi nzima ina sehemu ngapi? Zitaje.

2. Kwa nini mkufunzi huhesabu maganda baada ya shabaha?

3. Vijana 80 wamepewa risasi 5 kila mmoja. Zote zimepigwa. Maganda yamepatikana 394. Mangapi hayapo?

4. Kwa nini si vizuri kumpiga mtoto aliyeokota risasi na kukuonyesha?

5. Je, katika kijiji chenu watu hutangaziwa siku ya shabaha? Kama hawatangaziwi, nani alipeleke jambo hili kwenye mkutano wa kijiji?